Bi Thuraya Ana Jina Lake

Miaka ile ya Ujamaa, kila alasiri akitoka shule, Genoveva aliteka maji bombani kwanza, ndipo acheze. Siku hiyo mama yake alimpokea ndoo mlangoni.

"Leo hakuna kucheza. Nenda dukani kwa Bwana Jaffar, umwalike yeye na mkewe kwenye harusi ya dada yako."

Harusi ilikuwa ya Kikristo, lakini nusu ya mtaa wao wa Temeke walikuwa Waislamu. Bwana Jaffar ndiye angechinja mbuzi, na mkewe angesimamia pilau. Wasipokuja hao, majirani wengi wasingegusa chakula, na hiyo ingekuwa fedheha kubwa.

Shuleni kila mtu mzima aliitwa Ndugu, ila kwa mialiko mwalimu aliwafundisha kusema "Bwana na Bibi Fulani." Genoveva alipiga hodi uani, nyuma ya duka, akasimama wima.

"Shikamoo, Bibi Jaffar! Mama anawaalika, wewe na Bwana Jaffar, kwenye harusi ya dada."

"Bibi nani?" Mwanamke yule aliacha kupepeta mchele. "Mie Thuraya binti Nasser. Jaffar kanioa, hakunizaa! Kamwambie mama yako amtafute huyo Bibi Jaffar, ndiye awapikie."

Genoveva alirudi mbio, machozi yakimlengalenga. Alitamani kusema hakuwakuta. Lakini alipomwona baba yake, Mzee Kasimiri mchonga vinyago, alisema yote.

Baba aliweka patasi chini. "Kanisani kwetu mama yako huitwa Bibi Kasimiri, naye hufurahi. Kwa wenzetu hawa, mwanamke akiolewa haachi jina la baba yake. Wewe umemnyang'anya baba! Rudi, mwanangu. Mdomo uliokosea ndio utakaotengeneza."

Alirudi, akapiga hodi tena.

"Nisamehe, Bi Thuraya binti Nasser. Sikuuliza. Tunakualika wewe na mumeo, Bwana Jaffar. Bila nyie hakuna harusi."

Bi Thuraya alimkazia macho. Kisha akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Na huyu mume wangu ungemwita Bwana Thuraya, angekuja?"

"Mie ningekuja tu," sauti ya Bwana Jaffar ilitoka ndani, "mradi pilau ipo!"

Genoveva alishusha pumzi, naye akacheka.

"Mbuzi asiguswe mpaka Bwana Jaffar afike," alisema Bi Thuraya, akimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Na wewe, mwanangu, kabla hujamwalika mtu, uliza kwao anaitwaje. Kuuliza si ujinga. Ukimwita mtu kwa jina analolipenda, umekwisha kumheshimu kabla hajakukaribisha kiti."