Ufa wa Tundu la Nne

Jumamosi duka la vifaa vya ujenzi pale Ukunda hujaa hadi mlangoni, na siku hiyo mikono miwili iling'ang'ania mrija wa mwisho wa silikoni.

"Niachie, dada. Ni ya ndege yangu," akasema kijana mwenye fulana iliyotobolewa na cheche.

"Na mimi ni ya meli yangu," akajibu Mbeyu, na duka zima likacheka.

Mbeyu alikuwa fundi wa madirisha ya hoteli za Galu, dera la zambarau juu ya suruali ya kazi, penseli sikioni. Kibwana, yule kijana, alitengeneza injini za boti, na ni kweli alikuwa akiunda ndege ya kiti kimoja nyuma ya nyumba yao Msambweni. Wiki haikwisha, wakawa wanaitana laazizi. Mwezi wa pili Kibwana akampa kazi ambayo hakumwamini nayo mtu mwingine: kufunga kifuniko cha plastiki angavu juu ya kiti cha rubani, na kukiziba kisivuje.

Mbeyu akakifunga kama afungavyo madirisha. Matundu yakabana skrubu sawasawa, akakaza hadi mwisho, akalainisha silikoni kwa kidole. Kilipendeza. Lakini plastiki hutanuka juani kuliko kioo, naye hakuiachia nafasi. Siku mbili kabla ya Kibwana kuruka, mchana wa jua kali, Mbeyu akasikia "tik". Akapitisha ukucha. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye tundu la nne.

Akanyamaza, Mungu amsamehe. Kibwana alikuwa akimwambia kila mtu kwamba mikono ya Mbeyu haikosei.

Asubuhi ya safari akashindwa kuvumilia, akapiga simu.

"Kibwana, usiruke! Nilikaza mno, kifuniko kina ufa. Upepo utaking'oa ukiwa juu."

"Laazizi," Kibwana akacheka, "juzi uliota naanguka. Jana tumbo likakuuma. Leo ni kifuniko?"

"Wallahi nakwambia kweli!"

"Lau kingelikuwa na ufa, ungeliniambia jana tulipokuwa sote." Simu ikakatika.

Mbeyu alipofika kiwanjani na leso begani, injini ilikuwa ikinguruma. Akasimama mbele ya ndege, akakataa kuondoka. Kibwana akazima, akashuka amefura.

"Wataka kunifedhehesha mbele ya watu?"

Mbeyu akamshika kidole, akakiweka kwenye tundu la nne. Ufa ulikuwa umeshatambaa shibiri nzima, hadi usawa wa uso wa rubani.

"Umeujua tangu lini?"

"Tangu juzi. Niliogopa utaniacha."

Wakafungua skrubu. Walipokinyanyua, kifuniko kikapasuka vipande viwili, kila mmoja akabaki na chake mkononi. Mbeyu akalia waziwazi.

"Nitakuoa, Mbeyu," akasema Kibwana hatimaye. "Ila hiyo juzi, sijui nitaisahau vipi."