Maji ya Kulowesha Magunia

Rafiki yangu, fundi turubai, anakiri alimdanganya shemeji yake kwamba dumu la maji limeshushwa, kumbe lilibaki garini, nyuma ya matuta ya mchanga. Kibanda chao cha kupumzikia walishakizungushia magunia, lakini magunia makavu hayapoozi kitu, na jua lilishamlegeza rafiki yangu hata kusimama hawezi.

"Lala, muongo wewe," shemeji akasema, akalifuata dumu.

Mle kibandani, gizani nyuma ya magunia, rafiki yangu akasikia maji yakimwagwa juu ya magunia, chururu. Upepo ukaingia wa baridi. Akamshukuru Mungu.

"Shemeji, mwagia na miguuni."

Yakahamia miguuni.

Kisha kwa mbali, juu ya tuta, shemeji akaita, "Vumilia, ndiyo kwanza naleta dumu."

Maji yakakoma. Nje ya gunia, karibu na sikio lake, sauti ikasema taratibu, "Likifika, nirudishie yangu."