Aliyeomba Kuzaliwa

Ngatia alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kufika kwa mama yake mikono mitupu. Gari lilikuwa limejaa viazi na karoti za Naro Moru, kabichi mbili zikibingirika kwenye kiti cha nyuma kila wakikata kona, lakini walipokaribia Kiriaini akakumbuka kwamba hajanunua mkate na sukari. Akaegesha mbele ya duka la mabati, akazima gari, akachukua ufunguo na kumwambia mkewe kwamba hatakawia. Kajuju alimjua. Kutokawia kwa Ngatia ni kusalimia kila mtu dukani na kuuliza habari za ng'ombe wao mmoja mmoja.

Walikuwa njiani kurudi Thika baada ya mapumziko ya wiki moja Nanyuki. Daktari ndiye aliyewatuma. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Kajuju, na hii ya tatu, iliyofika mwezi wa saba, ilihitaji utulivu. Ilikuwa ya msichana. Walishaonyeshwa kwenye mashine. Wangeshuka moja kwa moja kupitia Karatina na Sagana, lakini Wamucii, mama yake Ngatia, angenuna hadi Krismasi. Ngatia ni mtoto wake wa pekee, na kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Kumpa mtoto jina la mtu, kwa watu wa huko, ni kumzaa mtu huyo upya. Wamucii alikuwa amengoja sana kuzaliwa, na hakuwa akificha.

Jambo ambalo Kajuju hakumwambia mumewe ni kwamba mtoto hakuwa amecheza tangu asubuhi.

Alikunywa soda baridi kama nesi alivyomfundisha. Alilalia ubavu. Alijibonyeza pole pole kwa vidole. Kimya... Aliogopa kulitamka, kana kwamba likitoka mdomoni litakuwa kweli. Alijiambia kwamba wakifika Thika ataenda hospitali, na kwamba huenda mtoto amelala tu.

Giza lilikuwa linaingia. Ukungu ulishuka kutoka mashamba ya chai ukafunika duka, kisha barabara, hata taa ya dukani ikabaki doa la manjano tu. Ndipo akasikia harufu ya moshi. Si moshi wa jikoni. Ulikuwa moshi wa kuni mbichi, wa nyumba iliyofungwa muda mrefu.

Mwanamke mzee alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari.

Alikuwa amejifunga leso kichwani, na ndewe za masikio yake zilining'inia zikiwa na matundu makubwa, ya wale wanawake wa zamani. Alimtazama Kajuju tumboni. Hakumtazama usoni hata mara moja.

"Hako kasichana kamelala tangu asubuhi," akanong'ona.

Hakuna mtu aliyejua. Machozi yakamtoka Kajuju, akaitikia kwa kichwa.

"Nikikaamsha, utanizaa?"

Kila mwanamke aliyeolewa upande ule anajua jibu la swali hilo. Wazee humtania mjamzito hivyo sokoni na kanisani, naye hucheka akasema kuna wenye zamu. Ni jibu jepesi tu, na Kajuju, ingawa ni mtu wa Meru, alishalijibu mara nyingi. Lakini jioni hiyo hakuwa na kicheko. Alikuwa mama anayehesabu saa tangu mtoto wake atulie, na angeahidi chochote.

"Ndiyo, cucu," akamjibu, akimwita nyanya kwa lugha ya huko. "Nitakuzaa."

"Mimi ni Wakonyo. Usisahau."

Mzee akatema mate kidogo kiganjani, kama wazee wanavyobariki, akanyoosha mkono akamgusa tumboni. Mkono ulikuwa baridi. Ubaridi wa mchanga wa chini.

Mtoto akaruka.

Akapiga teke, tena akapiga, kwa nguvu hata nguo ikatikisika. Kajuju alicheka na kulia kwa pamoja. Alipoinua macho atoe shukrani, palikuwa na ukungu peke yake.

Ngatia akarudi na mkate chini ya kwapa. Akamuuliza alikuwa anaongea na nani. Kajuju akamwambia ni cucu mmoja alikuja dirishani, wakasalimiana.

"Dirisha gani? Si zote zimefungwa?"

Kajuju akageuka. Kioo kilikuwa juu kabisa, kimejaa mvuke wa pumzi zake mwenyewe. Vioo vya gari lile havishuki bila ufunguo, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa Ngatia muda wote.

Nguo yake ilikuwa na unyevu pale tumboni. Ilinuka moshi.

Wamucii aliwapokea kwa furaha ya kuimba. Chai ilikuwa tayari, na mukimo wa viazi na mahindi, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yao. Alimkalisha Kajuju karibu na jiko, akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake, akainama na kuliita jina lake mwenyewe: Wamucii, Wamucii wangu, njoo.

Mtoto, aliyekuwa akicheza njia nzima kutoka dukani, akatulia.

Kajuju alingoja. Chai ikapoa mikononi mwake. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akawaeleza yote: leso, masikio, mate, kioo. Ngatia alianza kumtuliza, akisema ni uchovu wa safari. Kisha Kajuju akalitaja jina. Wamucii akaondoa mikono yake kama aliyeguswa na moto, akaketi.

Maelezo aliyowapa yalikuwa machache, na aliyatoa akitazama sakafu. Baba yake Ngatia alikuwa na mke mkubwa, Wakonyo, na wake hao wawili waliishi uwanja mmoja. Nyumba ya mke huyo ndiyo ile ya ng'ambo ya uwanja, inayotumika sasa kuweka nyasi za ng'ombe. Alifia humo, mvi zimeshaanza kumtoka, jioni moja ya ukungu, akiwa na mimba ya miezi saba. Kwa kuwa hakuacha mtoto, hakuna aliyepewa jina lake, na mtu ambaye jina lake halikurithiwa amekwisha kabisa. Ngatia, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, alikuwa anasikia habari hizo kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa peke yake?" Kajuju akauliza.

Wamucii aliinuka, akafunga dirisha lililoelekea uwanjani, akavuta na pazia. Alipogeuka uso wake ulikuwa mwingine.

"Hiyo jina haitaingia kwa hii nyumba. Mtoto ni wangu. Mimi ndiye niko na zamu."

Wakaomba. Wamucii aliomba kwa sauti kubwa, akikemea, akitaja damu ya Yesu, mkono wake ukibana bega la Kajuju hadi likauma. Mtoto hakusogea. Kajuju akasema wanakwenda hospitali, sasa hivi, na hata kuku hakuliwa.

Waliteremka kuelekea Murang'a. Ngatia aliendesha ameinamia usukani, haoni mbele zaidi ya kipande kidogo cha lami. Mikono ya Kajuju ilikuwa tumboni. Alimwita mtoto kwa majina ya mapenzi. Alimwimbia. Alimsihi. Tumbo lilikuwa zito, baridi, si lake.

Akafumba macho.

"Wakonyo..." akanong'ona.

Teke.

Ngatia alisikia. Akapunguza mwendo hadi gari likasimama katikati ya ukungu, asijali kama kuna lori nyuma. "Usiseme hiyo jina tena," akamwambia. "Mum atakufa na hii maneno."

Kajuju akauchukua mkono wake na kuuweka pale. "Wewe mwite jina la mamako. Halafu ngoja."

Akamwita. Wakangoja. Akamwita tena, mtoto asisogee. Kisha Kajuju akalitaja lile jina lingine, na mtoto akapiga moja kwa moja kwenye kiganja cha baba yake. Ngatia akalia kama mtoto mdogo. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote, lakini alishazika watoto wawili wasio na majina. Hakulikataza lile jina tena. Akaondoa gari.

Huko hospitalini hawakupata kasoro yoyote. Wakonyo alizaliwa miezi miwili baadaye, mnene, mwenye afya, hata wakunga wakamsifu. Kosa lake lilikuwa moja: alilia kila jioni, giza linapoingia. Hakuwa na njaa wala homa. Alilia kama anayeita mtu, akinyamaza kidogo, akisikiliza, kisha akianza tena.

Wamucii alikaa mwezi mzima bila kupiga simu. Kisha akaja. Nyanya hawezi kukataa kumwosha mjukuu. Majirani watasema nini? Alifika jioni, kilio kimeshaanza. Kajuju alisita, lakini akamweka mtoto mikononi mwake.

Mtoto akanyamaza papo hapo.

Alimtazama Wamucii. Si kutazama kwa mtoto wa mwezi mmoja, macho yanayotangatanga. Alimkazia macho, akatulia, akangoja. Kajuju alikuwa anachanganya maji kwenye beseni, mgongo umewaelekea, na akadhani nyanya amepatana na mjukuu wake. Kisha akamsikia mama mkwe akinong'ona kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote.

"Nilikuwa nimelala, Wakonyo. Haki ya Mungu, sikukusikia ukiniita."

Kajuju akageuka.

Mtoto alikuwa anatabasamu.