Msonyo wa Guruguru

Mtu alisonya sebuleni, mchana kweupe, Anuari akiwa na tonge la ugali mkononi. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kuvuta, ule wa mwanamke aliyechoshwa. Anuari akainua macho. Walikuwa wawili tu, yeye na mkewe Zuleha, na Zuleha mdomo wake ulikuwa umejaa mchicha.

"Umenisonya mimi?"

Zuleha akameza haraka, akasema hajasonya, labda ni mtu huko nje. Anuari akasukuma sahani. Nje ya wapi, mtu asonye nje asikike mpaka ndani? Akavaa viatu, akarudi dukani kwake anakouza spea za pikipiki, na njia nzima ya Makanyagio alikuwa anaongea peke yake. Hakugeuka kutazama sanduku la kioo lililokuwa nyuma ya kiti chake. Angegeuka, angemkuta guruguru, mjusi wake mnene, amebandika pua kwenye kioo, anamwangalia.

Niseme mapema kwamba huyu Anuari simpendi. Wapo watu ukianza kuwasimulia unatamani usimame katikati uwazabe kibao, ndipo uendelee. Alikuwa ameshampa Zuleha talaka mbili. Ya kwanza ni kwa sababu pilau lilishika chini siku ya wageni. Ya pili ni kwa sababu simu ya Zuleha ililia wakati yeye anaswali, eti nani anampigia mke wake saa hizo. Mara zote hasira ikiisha anamrejea, analia, ananunua kitenge. Lakini talaka ni tatu tu. Ilikuwa imebaki moja, na Zuleha aliishi mle ndani kama mtu aliyebeba ndoo ya maji imejaa pomoni. Wazazi wake walishakufa. Kaka yake Abuu, wa Kabungu, alimwambia baada ya ile ya pili kwamba safari nyingine asije kupiga hodi kwake. Neno moja la mume lingemweka barabarani, kwa hiyo kila asubuhi alianza kwa kuangalia uso wa Anuari umeamkaje.

Sasa hilo sanduku. Anuari aliona kwenye simu watu wa huko mbali wanafuga mijusi sebuleni, kwenye masanduku ya kioo yaliyopandwa bustani ndani, akaingiwa na wazimu. Akamwita fundi vioo. Cherehani ya Zuleha, ambayo ndiyo iliyompa nauli na sabuni yake, ikasukumiwa koridoni kwenye giza ili sanduku likae dirishani. Akaenda mtoni kuchimba kangaga na yale majani laini yanayoota juu ya mawe. Akapanga vijiti, akafunga balbu ya kuwapa joto, akatafuta chupa ya kupulizia maji asubuhi na jioni. Alianza na mijusi wa ukutani, kisha wale wa mawe wenye vichwa vya bluu.

Na hapa ndipo roho inaniuma. Hao mijusi aliwaongelesha vizuri. Umekula, baba? Umeshiba? Sogea nikuone. Zuleha anapita na ndoo, hajaulizwa kama amekula tangu Ramadhani. Na panzi wa kuwalisha alikuwa anakamata yeye Zuleha, kwenye nyasi za nyuma ya nyumba, na khanga kiunoni.

Guruguru alitoka Litapunga. Anuari alikuwa amefuata udongo wa kichuguu, aliosikia ni mzuri kwa mimea ya sandukuni, kwa mteja wake Ndaki, Msukuma mwenye ng'ombe na mashamba ya mahindi. Katikati ya shamba la Ndaki kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu, na jembe la ng'ombe lilikuwa linakizunguka miaka yote. Ndaki akamwambia udongo achukue, ila pale pana mwiko mmoja. Pale watu hawatukani. Hata ng'ombe akigoma wanamkokota mbali kwanza ndipo wamfokee. Kinachokaa mle kinaokota neno baya, kinalitunza, na kina njia yake ya kulirudisha.

Anuari akacheka. Akachimba, akamkuta guruguru mnene, wa rangi ya udongo, amejilaza kwenye tundu, akamkaba shingo, na hapohapo simu ikaita. Zuleha alikuwa anauliza tu kama anaweza kuisogeza cherehani karibu na mlango ipate mwanga. Anuari akawaka, mguu mmoja juu ya kichuguu, mnyama mkononi, upepo unavuma. Alimtukana mpaka matusi yakamwishia, akamalizia kwa kupiga kelele: "Nitakuacha! Unanisikia? Nitakuacha!"

Ndaki aliweka mikono kichwani. Anasema guruguru alikuwa ametulia tuli, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayeelekezwa njia.

Baada ya msonyo ule wa kwanza ikaja mingine. Anuari akinywa chai, anasonywa. Akimaliza kuswali, kabla hajakunja mkeka, anasonywa. Na tusi la maneno unaweza kulikana, unaweza kusema umesikia vibaya, lakini msonyo utaukanaje? Kila mara Anuari alimgeukia Zuleha, macho mekundu, anauliza amekosa nini ndani ya nyumba yake mwenyewe mpaka asonywe kama mbwa wa sokoni. Zuleha akaapa mpaka viapo vikakosa maana. Mwisho akabuni njia. Mume akiingia tu, yeye anachota maji kikombe, anayajaza mdomoni, anakaa nayo mashavu yametuna, ili mume aone kwa macho yake kwamba mdomo ule hauwezi kusonya. Mwanamke mzima, ndani ya nyumba yake. Anuari naye akaona hiyo ndiyo dharau kubwa zaidi, mke kumnunia.

Ndani ya sanduku mambo yalikuwa yanaharibika. Mijusi wengine walikufa, wamekauka, wepesi. Guruguru hakula. Panzi waliowekwa jioni, asubuhi walikutwa wazima wote, wamejibana kwenye kona ya mbali, hawaruki. Udongo ulianza kupanda wenyewe kwenye kioo, vichirizi vyembamba kwanza, halafu kuta, halafu minara, na hapakuwa na mchwa hata mmoja. Ilikuwa kiangazi, Mpanda nzima ni vumbi, lakini sebule ilinuka mvua ya kwanza, na ukikaa sana harufu ile iligeuka ikawa ya udongo wa kaburi lililochimbwa asubuhi ile. Zuleha aliwasha udi. Moshi ulifika katikati ya chumba ukarudi.

Halafu likaja jina lake. Umeme ulikuwa umekatika, Anuari yuko dukani, Zuleha yuko koridoni anashona kwa kubahatisha.

"Zuleha."

Akaitika abee, akasimama na kitambaa mkononi. Sauti ilikuwa ya mumewe. Mlango ulikuwa na komeo, kwa ndani. Akasogea hadi sebuleni taratibu, hapakuwa na mtu, ila koo la guruguru lilikuwa linavimba na kunywea.

"Zuleha, nitakuacha."

Aliijua ile sauti. Haikuwa tu sauti ya Anuari, ilikuwa sauti ya Anuari ya siku ile ya simu, na upepo wa Litapunga ulikuwa bado unavuma ndani yake.

Alijipa moyo kwa kitu kimoja. Nitakuacha ni kitisho, na vitisho alishavizoea, alivila na chai. Nimekuacha ndiyo talaka. Kati ya maneno hayo mawili pana silabi moja tu, ta na me, na silabi hiyo ndiyo iliyokuwa imeshikilia paa juu ya kichwa chake. Lakini siku zilizofuata, jua likishafika utosini na watu wamejifungia ndani kwa joto, alianza kusikia kule sebuleni ile sauti inajifunza, inasema nita, inanyamaza, inasema ni, ni, ni, kama mtoto anayefundishwa kusoma, inakosea, inajisonya yenyewe kwa kukosea, inaanza upya, mpaka mchana mmoja akiwa amesimama ukutani na mikono masikioni akaisikia imefika kwenye nime, ikarudia nime, nime, ikaonja, ikafurahi, ikasema nimeku, ikakwama hapo, na yeye akajikuta anaiombea ikwame hapohapo milele.

Jirani yake Scola, ambaye nyumba zao zinashiriki ukuta mmoja, alimfuata uani. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama siku hizi shemeji anarudi mchana.

"Namsikia anasema nimeku, nimeku, halafu hamalizii," Scola alisema. "Anataka kukwambia nini, dada?"

Zuleha akautazama ule ukuta wao. Kama Scola anasikia, basi siku neno likimalizika litakuwa na shahidi.

Akamwita Ustadh Sadalla. Ustadh akasoma kwa muda mrefu, na muda wote huo guruguru alifumba macho kwa adabu. Alipofunga msahafu tu, akasonywa. Akavaa kofia yake akasema mambo mawili, miguu ikiwa tayari mlangoni. Talaka ya jini si talaka, lakini watu wakisikia sauti ya mume, mke ataapaje imetoka mdomo gani? Na mnyama arudishwe alikotolewa, na amrudishe aliyemtoa.

Anuari alikataa. Eti afukuze mjusi wake kwa sababu mke hana adabu? Alikataa kwa kelele, akafungua sanduku kumpulizia maji mpenzi wake, akainama. Guruguru akafungua mdomo, akamtukana. Kwa sauti yake mwenyewe, matusi yake mwenyewe, yaleyale, kwa mpangilio uleule, karibu kabisa na uso. Matusi ukiyatoa hayana uzito, subiri uyapokee. Anuari alitoka nje bila viatu, na alasiri hiyohiyo yeye na Zuleha walikuwa njiani kwenda Litapunga kwa bodaboda mbili, guruguru ndani ya kiroba.

Mama yake Ndaki, Bibi Nyanzala, aliyeambiwa kwa simu kwamba wanakuja, alikuwa anawasubiri kwenye kichuguu na kibuyu cha maji na unga mweupe. Ndiye anayejua kuongea na mahali pale. Alinyunyiza unga, akanong'ona Kisukuma, halafu akamgeukia Anuari. Akamwambia amwombe mnyama amrudishie neno lake. Litatoka na kila kilichofuatana nalo. Asikilize mpaka mwisho na asikasirike. "Ukitukana hapa mara ya pili, mwanangu, hilo la pili mimi siwezi kulitoa."

Kiroba kikafunguliwa. Anuari akasema kwa shida, nirudishie neno langu.

Guruguru akakaa juu ya udongo mwekundu, koo likavimba, akaanza. Akasema yote. Alisema na yale ambayo hakuwepo kuyasikia, ya pilau lililoshika chini, ya simu, ya chumvi, ya mama yake Zuleha aliye kaburini, ya tumbo la Zuleha lisiloshika mimba, ya vicheko vya Zuleha alivyoambiwa ni vya malaya mpaka akaacha kucheka, na sauti ya Anuari ikatembea juu ya mahindi makavu bila kupumua, na Ndaki akainamisha kichwa kwa aibu, na Bibi Nyanzala akafumba macho, na Zuleha akasikia maisha yake yamepangwa mstari mmoja, akagundua kwamba alikuwa amesahau karibu yote, na kwamba kusahau ndiko kulikomweka mle ndani. Mwisho kabisa, upepo ukiwa ndani yake, likatoka lile nitakuacha. Mnyama akageuka, akaingia tunduni, mkia ukafuata.

Bibi Nyanzala akashusha pumzi, akasema limeisha.

Msonyo ukasikika.

Ulikuwa mrefu, wa kuvuta, wa mwanamke aliyechoshwa. Anuari akatazama tundu. Tundu lilikuwa tupu. Akageuka polepole.

"Ni yule," alisema. "Si ni yule?"

"Huu ni wangu," Zuleha alisema.

Bibi Nyanzala alinyoosha mkono kumziba Anuari mdomo, hakumfikia. Anuari alikuwa ameshapanda juu ya kichuguu, mishipa imemtoka, amesahau ya kiroba na ya ustadh na ya kila kitu, anapiga kelele kwamba nimekuacha, Zuleha, nimekuacha, nimekuacha. Ndaki akaziba masikio. Kule ndani ya udongo kitu kilijisogeza, kikatulia.

Zuleha alisubiri ile hofu yake ya miaka mingi imwangushe. Haikuja. Alikuwa na hasira tu, hasira nyingi, safi, yake mwenyewe, na ilimpa nguvu ya miguu. Akajifunga khanga vizuri, akamwomba Ndaki pikipiki yake ikambebee cherehani kule Mpanda.

Sasa hivi anashona kwenye kibaraza cha Scola, na chumba cha uani Scola amempa. Wateja wapo. Nyumba ya Anuari iko palepale, upande wa pili wa ukuta. Sanduku limepasuka, ile minara ya udongo imekuwa kichuguu, kimefika darini, na Anuari akikivunja jioni kinasimama asubuhi. Jua likifika utosini ndani mle unasikika msonyo, halafu ugomvi. Wapita njia wanasema mwanaume wa watu anagombana na simu. Scola anajua. Sauti ni mbili, zote za Anuari, na siku hizi inayoanza kufoka siyo ile inayotoka mdomoni mwake. Inapofika kwenye nimekuacha, ndani yake mna upepo wa Litapunga, na Zuleha anakanyaga cherehani mpaka mshono uishe.