Chumvi Ninayo Mimi, Presha Inatoka Wapi?

Mdogo wangu Isakwisa ni mtu wa kuchosha. Nampenda, lakini anachosha.

Mwaka 1956 alikuwa akichimba dhahabu Makongolosi. Gogo la kuzuia udongo likamwangukia mgongoni. Figo yake moja iliharibika kabisa, ikabidi madaktari waitoe. Akabaki na figo moja, nayo si nzima sana. Mkewe Marta akanitumia habari. Nikafunga nyumba yangu kule Mlandege, Iringa, nikapanda lori mpaka kwao Mbalizi. Nilidhani nimekuja kuuguza mgonjwa. Kumbe nimekuja kulinda mwizi!

Daktari alimwambia mbele yetu, "Presha yako iko juu. Ikibaki juu, hiyo figo moja nayo itakufa. Meza vidonge kila siku, na chumvi uache."

"Ndiyo, bwana daktari," Isakwisa akaitikia, mpole kama mwanafunzi wa kipaimara.

Wiki haijaisha, nikamkuta nyuma ya zizi. Alikuwa ameinama, analamba jiwe la chumvi la ng'ombe.

"We Isakwisa! Umekuwa ng'ombe?"

"Dada, chakula bila chumvi hakishuki."

"Na kaburini kitashuka?"

Tangu siku ile, chumvi yote ya nyumba niliifunga kwenye pindo la kanga yangu. Jiwe la ng'ombe likahamia kwa jirani. Nikienda kisimani, chumvi iko kiunoni. Nikienda kanisani, iko kiunoni. Vidonge nilimpa mimi mwenyewe kila asubuhi, nikasimama pale mpaka ameze. Maana alishaanza maneno yake: "Leo kichwa hakiniumi. Vidonge vya nini tena?" Mtu huyo!

Siku ya kupimwa ikafika. Jirani yetu Apolonia ni nesi pale zahanati. Akamfunga Isakwisa mpira wa kupimia mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza. Uso wake ukabadilika.

"Haijashuka," alisema. "Imepanda tena."

Nilimgeukia mdogo wangu. "Umelamba wapi?"

"Sijalamba, dada! Haki ya Mungu!"

"Usimtaje Mungu kwa ulimi wenye chumvi!"

Marta akaanza kulia. "Figo hii ikifa, mimi na watoto tutabaki na nani?"

Apolonia akanishika bega. "Dada Lea, kugomba hakushushi presha. Kesho nitakuja nyumbani kwenu. Nataka kuona mnavyopika."

Kweli akaja. Akamkuta Marta jikoni anapika makande. Mahindi makavu na maharage ni vitu vikaidi. Unaweza kuchochea moto hadi kuni zikaisha, na bado vinagonga meno. Marta akachukua donge jeupe, akalitumbukiza chunguni.

"Marta, hicho ni nini?" Apolonia akauliza.

"Magadi, nesi. Bila magadi tutakula saa ngapi?"

"Na kwenye mboga za majani?"

"Natia pia, zilainike. Tena siku hizi nazidisha kidogo. Chumvi hakuna, chakula kimepooza, naona huruma."

"Si mlikatazwa chumvi?"

Nikafungua pindo la kanga. "Chumvi hii hapa! Hakuna aliyeigusa. Hayo ni magadi. Magadi si chumvi."

Apolonia akakaa kwenye kigoda, akashika kichwa. "Jamani! Ndani ya magadi mna kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi. Kinashikilia maji mwilini. Maji yakizidi kwenye mishipa, damu inasukuma kwa nguvu. Figo ni chujio la damu. Chujio likipigwa kwa nguvu kila siku, linachakaa. Wenzetu wana machujio mawili. Isakwisa analo moja."

"Mbona daktari hakutaja magadi?" nikauliza kwa hasira.

"Daktari hapiki makande, dada."

Isakwisa akaingia jikoni, kifua mbele. "Mmesikia? Sikulamba! Niombeni radhi!"

"Kaa chini," nikamwambia. "Umri wote umeiba, leo umesingiziwa mara moja tu, unataka radhi?"

Akakaa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nesi, ikifa hii, hawawezi kunitia nyingine?"

"Huko Marekani wamejaribu," Apolonia akajibu. "Mtu alipewa figo ya pacha wake. Hapa kwetu bado. Na hata aliyepewa hana ruhusa ya kuzembea. Presha ikipanda, figo ya kupewa nayo huharibika."

Isakwisa akanitazama.

"Usinitazame mimi," nikasema. "Sisi si mapacha. Tunza hiyo uliyo nayo!"

Siku ile magadi yalitoka jikoni. Sasa Marta analoweka mahindi na maharage tangu jioni. Asubuhi anamwaga maji yale, anatia mapya, anabandika mapema. Ladha anaitafuta kwa kitunguu, limau na tangawizi. Samaki wa chumvi hawaingii mlangoni kwetu. Na vidonge ni kila siku, kichwa kiume kisiume. Apolonia alituambia presha haipigi hodi. Inaweza kupanda na mtu anacheka.

Tulipokwenda kupima tena, ilikuwa imeshuka. Mara iliyofuata ikashuka zaidi.

"Imeshuka, haikuondoka," Apolonia akamwonya. "Mkiacha, itarudi."

Mdogo wangu sasa anapalilia viazi vyake. Lakini makelele yake! Makande bila magadi yanachelewa, na kila asubuhi yeye yuko mlangoni: "Bado tu? Mnataka nife njaa?" Ananikera huyo, mpaka natamani kurudi Iringa kwa miguu.

Juzi makande yalichelewa, na sauti yake sikuisikia. Nikasubiri. Kimya. Nikatupa mwiko, nikakimbia chumbani. Nikamkuta kitandani, mdomo wazi, anakoroma.

Nikampiga kofi la mgongo. "Amka, Isakwisa! Amka ulalamike!"