Uzi Uliounganishwa kwa Mate

Mambo yalianza siku ya Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana. Dada alizikumbuka dakika hizo kwa sababu alikuwa akiitazama saa ya ukutani ili asimtazame mama wa duka.

Mama wa duka la nguo za watoto alikuwa amekaa kwenye kochi lao, kikombe cha chai mkononi, na juu ya magoti yake zimelala sweta mbili. Ya kijani ilikuwa kazi ya Dada. Ya buluu ilikuwa kazi ya mdogo wake, waliyembandika jina la Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho nyumbani. Ile ya kijani mama wa duka aliigeuza mara moja, akaiweka kando. Ile ya buluu aliigeuza nje ndani, akaivuta, akainusa.

"Hii nataka kumi na mbili," akasema. "Mwisho wa mwezi." Kisha akamkumbuka Dada. "Na wewe umejitahidi, mama."

Umejitahidi. Neno wanaloambiwa watoto waliofeli.

"Dada atanisaidia kushona vifungo," Kitinda akasema, na alisema kwa moyo mweupe kabisa, ndiyo maana iliuma zaidi.

Dada ndiye aliyemfundisha kushika sindano za kufumia, Kitinda akiwa na miaka tisa. Dada ndiye aliyesoma hadi chuo kikuu, akarudi na daftari la miraba ambamo kila sweta iliandikwa kabla haijafumwa: vitanzi vingapi, safu ngapi, upunguze wapi. Mama yao alizoea kumtania: "Huyu hata chumvi anaipima kwa rula." Kitinda hakuwa na daftari. Aliketi tu, akaanza, na kitu kikatokea. Uzi ukiisha, Dada alifunga fundo na ule unaofuata. Kitinda hakufunga. Alizitia ncha mbili mdomoni, akazilowesha kwa mate, akazisugua viganjani mpaka zikashikana, usiweze kujua zilikutana wapi.

"Unachafua kazi," Dada alimwambia siku moja.

"Sufu inapenda mate, dada. Fundo linamkera mtoto mgongoni."

Kwenye mikono ya ile sweta ya buluu ilipanda misuko mitatu ya uzi, kama nywele zilizosukwa. Miwili ilifika begani. Wa tatu ulipotea njiani, na hapakuwa na tundu wala mkunjo wa kuonyesha ulikopotelea. Ulikuwa uzuri wa kumnyima mtu usingizi.

"Huu unaingia wapi?" Dada aliuliza jioni ile, akijifanya hajali.

Kitinda akacheka. "Hauingii popote. Unaenda kupumzika."

Jumatano saa nne asubuhi, mama na Kitinda walikwenda kununua uzi. Dada alisema kichwa kinamuuma. Walipopinda kona aliichukua sweta ya buluu, akajifungia chumbani, akafungua daftari. Angefumua mkono wa kushoto kutoka begani kwenda chini, safu baada ya safu, huku akiandika, kisha aufume upya kabla hawajarudi. Huo haukuwa wizi, alijiambia. Ni kusoma tu.

Alikata mshono wa begani, akavuta. Vitanzi vikaachia kimoja kimoja. Safu ya nne. Safu ya tisa. Kwenye safu ya kumi na mbili akauona msuko wa tatu. Kitinda alikuwa ameupitisha nyuma ya wenzake, akapunguza vitanzi viwili kwa upande wa ndani. Basi. Jambo la kitoto. Dada alikuwa na miaka ishirini na saba na shahada yake, na hakuwahi kuliwaza.

Hapo angeweza kuacha. Akaendelea kuvuta, kwa hasira.

Mara uzi ukaachana. Haukukatika, uliachana pale ulipounganishwa. Dada akazigusa ncha zake. Zilikuwa zimelowa. Sweta ile ilimalizika miezi miwili iliyopita, na mate yalikuwa mabichi bado.

Yalikuwa ya vuguvugu.

Akafuta vidole kwenye sketi. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, akaandika: uzi umeachana, 4:31. Baadaye akaandika 4:44. Kisha 4:58. Mara zote tatu ncha zilikuwa zimelowa.

Hakuwahi kuufuma upya ule mkono. Aliposikia geti, aliisukuma sweta chini ya godoro.

Kitinda aliketi sebuleni, akachukua sindano na uzi mpya. Akazitazama. Akazishika hivi, akazishika vile, kama mgeni aliyepewa funguo asizojua ni za mlango gani.

"Mama, zinaanzaje?"

"Acha utani wako, watu wanasubiri sweta."

"Siyo utani." Alikuwa ameshusha sauti. "Tulipokuwa kwenye foleni, kama mtu alinivuta kidole. Nikageuka, hakuna mtu. Mara tatu hivyo. Tangu hapo mdomo umenikauka."

"Saa ngapi?" Dada akauliza.

"Nitajuaje, dada? Saa nne na nusu, saa tano kasoro. Muda wote tuliosimama pale."

Alikunywa bilauri tatu za maji. Midomo yake ilibaki mikavu kama karatasi.

Hapo ndipo Dada alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Badala yake alijisikia akisema, "Wewe pumzika. Nitafuma mimi." Akaanza palepale, daftari wazi pembeni, misuko mitatu ikipanda, wa tatu ukipita nyuma ya wenzake. Mama alisimama nyuma yake kwa muda mrefu.

"Kumbe na wewe mkono unao," mama akasema.

Sentensi hiyo Dada aliisubiri maisha yake yote. Ilimwingia tamu, ikakaa.

Saa kumi alasiri Kitinda akaita kutoka kitandani kwa mama, chumba cha pili. Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Dada, nipe sweta yangu ya buluu. Nikiishika nitakumbuka."

"Naileta."

Akaingia chumbani kwake. Akafunga mlango. Akaitoa sweta chini ya godoro. Ilikuwa imebaki na mkono mmoja.

Safari hii daftari hakuligusa.

Akavuta.

Nyuma ya ukuta Kitinda akakohoa. Uzi ukaachana. Akakohoa tena. Ukaachana tena. Mara ya tatu hakukohoa.

Kisha sauti ya mama, ya chini, kama ya mtu asiyetaka kujisikia. "Mbona husemi? Mwanangu. Fungua mdomo."

Sweta ikamdondoka Dada. Akapapasa sakafuni, akaokota ncha mbili. Akazitia mdomoni, akazilowesha, akasugua. Zikaachia. Akasugua mpaka viganja vikawaka moto. Zikaachia. Mate yake hayakushika.

Basi akafanya alichokijua. Akafunga fundo.

Ng'ambo ya ukuta kitu kilianguka.

Akafunga la pili.

"Usifunge, dada."

Ilikuwa sauti ya Kitinda. Haikutoka ng'ambo ya ukuta. Ilitoka mlemle chumbani, karibu na sikio lake.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Dada alichungulia chumba cha mama. Kitinda alikuwa amelala chali, macho wazi, vidole vimejikunja, hajatamka neno tangu jana. Mama alikuwa amemzungushia mkono, usingizi umempitia akiwa amekaa.

Dada alisimama pale mlangoni akihesabu kazi alizozifuma yeye mwenyewe. Kofia, kwa mtoto wa fundi viatu. Shali, kwa mwalimu wa nyumba ya kona. Soksi, blanketi la mtoto, sweta za binamu. Miaka ya vidole vyake ilikuwa imetawanyika kwenye nyumba za watu, na mtu yeyote angeweza kushika ncha akavuta.

Akavaa viatu, akatoka kwenda kuzikusanya kazi zake.

Mke wa fundi viatu alifungua mlango akipiga miayo. "Ile kofia? Si mdogo wako kaichukua sasa hivi? Hata taa sijazima."

"Mdogo wangu?"

"Kwani wadogo zako ninaowajua ni wangapi? Hata salamu hakutoa. Kanionyesha kwa kidole tu, pale msumarini. Mmegombana?"

Msumarini palining'inia kipande cha uzi, urefu wa kidole.

Dada alivuka barabara kwenda nyumba ya kona, kwa mwalimu, akitembea haraka, kisha akikimbia. Akanyanyua mkono wa kulia, akagonga.

Mlio aliusikia. Mbao za mlango vidole vyake havikuzihisi.