Makochi Mahali pa Kitanda

Fundi alishona nguo karibu na dirisha, na kitanda cha mama mkwe wake kilikuwa hapo ubavuni. Mama huyo hakuweza tena kujigeuza. Kila mara fundi aliacha cherehani, akamgeuza, kisha wakaimba pamoja ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani.

Zamu yao ya kupokea ibada ya nyumbani ilipokaribia, fundi aliona haya. Majirani walikuwa na makochi mapya, na picha za makochi hayo zilizunguka kwenye simu. Akamwambia mumewe kwamba hawawezi kumkaribisha Mungu kwenye viti vya mbao. Mume, dereva wa lori asiyependa maneno mengi, akaleta makochi. Yakajaza chumba, kitanda kikahamia stoo, kwenye giza na unyevu.

"Kumbe siku hizi viti ndivyo wagonjwa," mama mkwe alisema. "Mimi nimepona, nalala na magunia."

Fundi alicheka kidogo. Lakini stoo ilikuwa mbali na cherehani. Asiyeonekana husahaulika. Kumgeuza kukapungua, na nyimbo zikakoma.

Siku ya ibada wageni waliyasifu makochi, wakayapapasa. Kisha jirani mmoja, muuguzi, akauliza mgonjwa yuko wapi. Muuguzi akapelekwa stoo. Akamfunua mgonjwa. Nyonga ilikuwa imechimbika kidonda.

"Dada, huyu anahitaji hospitali leo," alisema. "Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Shuka lake liwe kavu, lisiwe na mikunjo. Ngozi ikibadilika rangi, usiisugue. Wahi kutafuta msaada."

"Nilitaka nyumba impendeze Mungu," fundi alijibu, machozi yakimlenga.

"Mungu umemtandikia makochi. Huyu uliyepewa umtunze, umemweka stoo."

Mgonjwa alipelekwa hospitali siku hiyohiyo. Makochi yaliuzwa, kitanda kikarudi dirishani. Mume naye alijifunza kumgeuza mama yake kila alipokuwa nyumbani. Ibada iliyofuata wageni walikaa kwenye viti vya mbao, wakakizunguka kitanda.

Kidonda kilichukua miezi kufunga. Nguvu za mama mkwe hazikurudi, wala hakutania tena. Fundi alimgeuza na kuimba peke yake, siku baada ya siku, akiona aibu ya sauti yake mwenyewe.

Asubuhi moja, katikati ya ubeti, alisikia sauti nyingine, nyembamba kama uzi. Mama mkwe alikuwa akimfuata.